Neno "Mfumo": Kutoka Kitanda cha Mfumi hadi Mpaka wa Tunduma

Mtu apitaye siku hizi katika mji wa Tunduma, penye mpaka wa Tanzania na Zambia, hatakaa muda mrefu kabla ya kulisikia neno mfumo. Atalisikia kwa wakala wa forodha, kwa dereva wa lori aliyetandika mkeka chini ya gari lake akingoja zamu, kwa kijana wa duka la kutuma fedha kwa simu, na kwa mwenye gesti aandikaye majina ya wageni. Mfumo umegoma, mfumo uko chini, malipo hayajasoma kwenye mfumo, subiri mfumo urudi. Katika semi hizo zote mfumo una maana moja: programu ya kompyuta, pamoja na mashine na nyaya ziiendeshazo, ambayo kwayo kazi ya ofisi hufanyika. Na wale waundao programu hizo hulitumia neno hilo hilo, wakajiita wahandisi wa mifumo.

Nataka katika makala haya kueleza neno hili limetoka wapi, na limefikaje hapo lilipo. Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba watu wengi, na wasomi wamo, hudhani kuwa mfumo ni tafsiri tu ya neno la Kiingereza, iliyotungwa mezani wakati kompyuta zilipoingia nchini. Sivyo. Ni neno la kale la kazi ya mikono, lililopata maana ya utaratibu wa mambo yaliyoshikamana kabla ya kompyuta kuenea kwetu, na kompyuta zilipokuja zililikuta limekwisha kuwa tayari. Walakini katika safari hiyo neno hili limepoteza kitu kimoja, ambacho kwa maoni yangu wenye kungoja pale Tunduma wana haki ya kurudishiwa.

I. Mzizi wa neno

Mfumo ni jina lililotokana na kitenzi fuma, kwa kutiwa kiambishi awali cha ngeli ya M-/MI- na irabu -o mwishoni. Irabu hiyo katika Kiswahili huonyesha tendo, au namna ya tendo, au matokeo yake: tuna mchezo kutokana na cheza, mwendo kutokana na enda, msemo kutokana na sema. Basi maana ya asili ya mfumo ni namna ya kufuma, au jinsi nyuzi zilivyokaa katika kitu kilichofumwa. Katika kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939, maana hiyo ya ufumaji ndiyo iliyoshika nafasi.

Kitenzi chenyewe kina maana mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazifanani. Twafuma nguo, na pia twafuma mnyama kwa mshale au mkuki. Wataalamu wa Kibantu huzileta maana hizo pamoja katika mzizi mmoja wa kale, *-túm-, wenye maana ya kuchoma na kushona. Kwani sindano nayo hupenya kitambaa kama mshale upenyavyo ngozi. Sauti *t ya kale, ilipofuatwa na irabu *u iliyo finyu, iligeuka kuwa f katika Kiswahili. Mabadiliko hayo hayo ndiyo yaliyotupa fua, yaani kuponda chuma, kutokana na *-túd-. Hayo si ya kubahatisha, bali ni kanuni ya lugha.

Katika fuma yamechipuka maneno mengine ambayo yafaa tuyakumbuke, kwa kuwa tutayahitaji mwisho. Fumania ni kumjia mtu ghafula akiwa katika tendo alilodhani limefichika. Fumua ni kinyume cha kufuma: kuzitenganisha nyuzi, kufungua mshono, kukirudisha kitu kilichofumwa katika hali ya nyuzi zake. Mwenye kazi ya kufuma ni mfumi au mfumaji.

Hapa yafaa kutoa onyo moja, hasa kwa kuwa tunazungumza juu ya mpakani. Anayevuka upande wa Nakonde na kuwasikiliza wasemao Kibemba atasikia mara nyingi kitenzi ukufuma, chenye maana ya kutoka mahali. Mtafiti asiye mwangalifu angeweza kujenga juu ya mfanano huo jengo zima la dhana: kwamba mfumo ni kitu "kitokacho" mahali fulani, au kwamba neno limevuka mpaka pamoja na mizigo. Lakini hiyo ni mizizi miwili iliyo mbalimbali, ambayo mabadiliko ya sauti yameifanya ifanane. Masikio si shahidi wa kutosha katika elimu ya asili ya maneno.

II. Kitanda cha mfumi

Chombo cha kufumia nguo katika Kiswahili cha zamani kiliitwa kitanda cha mfumi. Nyuzi zilizonyoshwa kwa urefu ziliitwa mtande, na zile zipitishwazo kwa upana ziliitwa mshindio. Kitendo cha kuzinyosha nyuzi za mtande ni kutanda. Kutokana na tanda tumepata kitanda, yaani kitu kilichotandwa kamba. Tumepata utando wa buibui. Na kwa njia ya tandaa tumepata mtandao, neno ambalo leo ndilo jina la intaneti. Msomaji ataona basi kwamba karani wa Tunduma asemapo "mfumo haufanyi kazi kwa sababu mtandao haupo", maneno yake mawili makubwa yote yanatoka katika chombo kimoja cha ufundi, ingawa yeye hana habari nacho. Hata mantiki yake ni ile ya mfumi: pasipo kutanda, hapana kufuma.

Ufumaji wa pamba ulikuwa kazi ya kale katika pwani yetu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika juu ya nguo zilizofumwa huko na kupelekwa hadi Misri. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vipande vya vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vya kusokotea nyuzi. Haishangazi basi kwamba lugha ya watu wa pwani ilikuwa na msamiati kamili wa kazi hiyo.

Ni jambo lisilojulikana sana kwamba nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe nayo ilikuwa nchi ya wafumaji. Mkoa huu, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na wenye makao yake Vwawa, una Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba na Tunduma, Wandali na Walambya wa Ileje, na wengineo. Katika karne ya kumi na tisa eneo zima la bonde la Rukwa na nyanda zinazolizunguka, toka Ufipa hadi Unyiha na Unyamwanga, lilikuwa na ufumaji wa pamba uliostawi. Kitanda kilikuwa cha chini: vigingi vilipigwa ardhini, nyuzi zikatandwa baina yake, na mfumaji akaketi chini akipitisha mshindio kwa mkono. Nguo iliyopatikana, ambayo Ufipa ilijulikana kwa jina la seketa, ilikuwa nzito na yenye kudumu. Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole, na nguo moja ilichukua siku nyingi. Vitambaa vya viwandani kutoka ng'ambo vilipofika kwa wingi na kwa bei rahisi, na utawala wa kikoloni ulipowavuta vijana waende kutafuta fedha za kodi, ufundi huo ulififia katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini.

Ingependeza kudai kwamba neno mfumo lilizaliwa hapo, juu ya vigingi vya Wanyiha, likangoja miaka mia moja lirudi nyumbani likiwa limevaa nguo mpya. Lakini hatuna ruhusa ya kusema hivyo. Neno ni la Kiswahili cha pwani, nalo limefika Tunduma kwa njia ya shule, serikali, redio na magari. Tunachoweza kusema ni hiki: nchi ambayo leo hulalamikia mfumo ilikuwa na watu waliojua kwa vidole vyao maana ya kwanza ya neno hilo.

III. Kutoka nguo hadi utaratibu

Kuhama kutoka nguo kwenda kwenye utaratibu si jambo la Kiswahili peke yake. Neno la Kiyunani systema, lililozaa maneno ya lugha nyingi za Ulaya, lilikuwa na maana ya vitu vilivyowekwa pamoja vikasimama kwa umoja. Kiarabu kina nidhām, kutokana na kitenzi chenye maana ya kutunga shanga au lulu katika uzi, na kupanga maneno yawe shairi.

Mfano huu wa Kiarabu una mafunzo kwetu, kwa sababu Kiswahili kililichukua neno hilo. Tunalo nidhamu, na watunzi wa mashairi walikuwa na nudhumu. Lakini nidhamu kwetu lilibaki katika maana ya adabu na utii wa kanuni. Mwanafunzi ana nidhamu, jeshi lina nidhamu. Halikuendelea hadi kuwa jina la utaratibu wenyewe, kama lilivyo katika Kiarabu. Nafasi ya maana hiyo ikabaki wazi, ikijazwa kwa maneno kama utaratibu, mpango na njia, ambayo hayakutosha. Mpango ni nia ya kesho; utaratibu ni hatua za kufuatana; wala hakuna kati yao liwezalo kuonyesha mambo mengi yanayoshikana kiasi kwamba likitikiswa moja hutikisika yote.

Mtu aweza kuuliza: mbona tusingepata mtungo, kutokana na tunga, ambalo nalo ni la kupanga shanga? Jibu langu ni kwamba shanga hufuatana katika uzi mmoja, nazo zaweza kuhesabiwa toka ya kwanza hadi ya mwisho. Nguo si hivyo. Katika nguo kila uzi wa mtande hukutana na kila uzi wa mshindio, na nguvu ya kitambaa imo katika kukutana huko. Hilo ndilo lililotakiwa na waandishi wa elimu, uchumi na siasa walipohitaji neno. Miaka ya baada ya uhuru ilikuwa miaka ya kuzungumza juu ya nchi nzima kama kitu kimoja kilichoundwa: elimu yake, uchumi wake, utawala wake. Hapo ndipo mfumo lilipopata kazi. Kenya ilipobadilisha elimu yake mwaka 1985, watu walizungumza juu ya mfumo wa 8-4-4. Tanzania ilipoacha chama kimoja mwaka 1992, hakuna aliyeuliza maana ya mfumo wa vyama vingi. Neno lilikuwa limekwisha kukubalika.

IV. Kompyuta

Historia ya kompyuta nchini Tanzania inasaidia kueleza kwa nini maneno ya kazi hiyo yalichelewa. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye hatua kwa hatua. Basi katika miaka ile ambayo istilahi za Kiswahili zilikuwa zikiundwa kwa bidii na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, na na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kompyuta haikuwa kitu ambacho raia wa kawaida alikiona.

Ilipokuja kwa wingi, ililetewa majina kadha. Wengine walipendekeza ngamizi, wengine, hasa Kenya, tarakilishi. Lakini watu wa Tanzania kwa jumla wamebaki na kompyuta. Mwaka 2004 kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa za kwake. Wafasiri wa kazi za namna hiyo walihitaji jina la programu kuu iongozayo kompyuta yote, na wakasema mfumo endeshi au mfumo uendeshaji. Hapakuwa na ubishi juu ya sehemu ya kwanza ya jina hilo. Ngamizi ilipaswa kufundishwa. Mfumo ulikuwa umekwisha kujulikana.

Hata hivyo si wafasiri walioleta neno katika vinywa vya watu wa Tunduma, bali ni kazi za serikali na biashara. Mwaka 2014 forodha ya Tanzania ilianza kutumia TANCIS badala ya ASYCUDA++ iliyotangulia, na upande wa pili Zambia ikatumia ASYCUDA World. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais wa nchi hizo mbili walifungua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Kwa dereva aliyetoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, yote hayo yana jina moja: mfumo. Zamani angesema hati, mhuri, foleni, ofisa. Leo vyote vimeingia ndani ya neno hilo moja.

Kuna sadfa ambayo haifai kupitwa bila kutajwa. Mashine ya kuhesabu nayo ina undugu na kitanda cha mfumi. Mfaransa Jacquard, mwaka 1804, aliunda kitanda kilichoongozwa na kadi zilizotobolewa. Charles Babbage wa Uingereza alizichukua kadi hizo kwa ajili ya mashine aliyoibuni. Na Ada Lovelace, katika maelezo yake ya 1843, aliilinganisha kazi ya mashine hiyo na ya kitanda kifumacho maua. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa kadi zilizotobolewa. Lakini Waswahili hawakulichukua neno mfumo huko. Njia mbili zilianza katika ufundi mmoja, zikaachana, zikakutana tena bila ya mmoja kumjua mwenzake. Msomi asiligeuze jambo hili kuwa ushahidi wa asili ya neno.

V. Sarufi ya mpakani

Sasa nije katika jambo lililonifanya niandike. Katika semi za Tunduma neno mfumo limebadilika si katika maana tu bali katika sarufi. Maadamu lilikuwa na maana ya namna ya kufuma, au utaratibu, lilikuwa kitu kilichofanywa: watu waliweka mfumo, walibadili mfumo, walipinga mfumo. Leo aghalabu ndilo mtenda. Mfumo umekataa. Mfumo umegoma. Mfumo haukutambui. Usemi "mfumo uko chini" umefuata Kiingereza, lakini hiyo mingine ni ya kwetu wenyewe. Goma kilikuwa kitenzi cha watu waliokataa kazi, kisha cha gari lililokataa kuwaka, na sasa kimefika hapa.

Kitenzi soma kimepata mkasa wa ajabu zaidi. Malipo "hayajasoma", namba "haisomi". Kilichokuwa kisomwe ndicho kilichofanywa msomaji, na msomaji wa kweli ametoweka katika sentensi. Maofisa wa serikali nao husema kwamba mifumo ya idara mbalimbali haina budi "kusomana". Ni neno zuri, lenye kauli ya kutendana iliyotumika kwa usahihi, nami sina ugomvi nalo. Lakini angalieni: wasomanao ni mifumo, si watu.

Nilikuwa katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ng'ambo hii ya mpaka, nikingoja karatasi yangu. Mbele yangu alikuwako mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara, mwenye nyanya zake nje katika jua. Kijana wa dirishani alimwambia kwa adabu, "Samahani mama, mfumo umekataa." Akauliza, "Umekataa nini, mwanangu?" Akajibiwa, "Haujasema, mama. Umekataa tu." Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nizungumze na nani?" Kijana hakuwa na jibu, wala sidhani kwamba alikuwa akimficha. Sentensi aliyopewa na lugha ya kazi yake haikuwa na nafasi ya jina la mtu.

Swali la mama huyo ni swali la sarufi kabla ya kuwa swali la utawala. Ukisema "nguo imechanika", kila msikilizaji ajua kwamba kuna aliyeifuma, na kwamba yupo awezaye kuishona. Ukisema "mfumo umekataa", ujuzi huo umefutika. Lakini kila mfumo umefumwa. Yupo aliyeamua kwamba hati fulani isipoingizwa mzigo usipite. Yupo aliyesahau kwamba jina la mtu laweza kuandikwa kwa namna mbili. Yupo mwenye mamlaka ya kurekebisha. Nyanya zilioza kwa sababu ya uamuzi wa mtu, si kwa sababu ya hasira ya mashine.

Sisemi kwamba neno liachwe, wala kwamba kamati ikae kutafuta jingine. Hakuna kamati iliyopata kushinda mazungumzo ya foleni. Neno mfumo ni zuri, ni letu, na limeifikia kazi yake kwa njia ya halali. Nasema tu kwamba wale wenye kazi ya kutunga kamusi, kufundisha na kutafsiri wasilieleze kana kwamba lilianza na kompyuta. Waandike kwanza kufuma, kisha utaratibu, kisha programu, kwa mpangilio huo, ili mwenye kusoma aone njia yote. Na wenye kuandika maelezo yatokeayo katika kioo cha kompyuta wangeweza kuandika "ofisi haijakubali, kwa sababu hii", na jina la ofisi, badala ya kuuachia mfumo useme peke yake.

Lugha imekwisha kutupa vifaa. Aliyefuma ni mfumaji, naye hutafutwa. Kilichofumwa vibaya hufumuliwa, kikafumwa tena; na vitenzi hivyo viwili, fuma na fumua, wazee wa Unyiha waliokaa mbele ya vigingi vyao waliyajua matendo yake, ingawa kwa maneno ya lugha yao wenyewe. Yule mama wa Tunduma hakuomba zaidi ya hayo. Alitaka kuonyeshwa mfumaji.